Tangawizi, mashapo na ushahidi: kazi ya kutenga vijifuko vya mimea ikitazamwa kutoka Kampala

Juni 2021, Kampala ikiwa imefungiwa ndani na wimbi la pili la korona, chupa ndogo ya matone iitwayo Covidex ilitafutwa kwa udi na uvumba. Mbunifu wake, Profesa Patrick Ogwang, ni mfamasia wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na chupa zenyewe zilitoka kampuni ya Jena Herbals. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ilianza kwa kuonya kwamba dawa hiyo haikuwa na idhini. Tarehe 29 ya mwezi huo ikaidhinisha, ila kwa maneno yaliyopimwa: ni dawa ya mitishamba ya kusaidia katika matibabu ya maambukizi ya virusi, si tiba ya COVID-19. Wengi walisikia nusu ya kwanza ya tangazo, nusu ya pili ikapita. Aliyesikia zote mbili alibaki na swali ambalo foleni za madukani hazikuwa na nafasi ya kulijibu: ndani ya tone moja, ni kitu gani kinachofanya kazi, na kipo kiasi gani?

Swali hilo halikuondoka na korona. Linarudi sasa kupitia tawi jipya la utafiti ambalo, kwa nje, linaonekana limekatwa kwa kipimo cha nchi kama Uganda. Kuna watafiti wanaokamua tangawizi, balungi, zabibu, karoti na mlonge, wakatenga ndani ya juisi hiyo vijifuko vidogo vya mafuta visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida, kisha wakavitumia kutuliza uvimbe wa utumbo au kubebea dawa. Malighafi ni chakula, na bei yake ni ya sokoni. Kati ya masoko ya Owino na Nakasero tangawizi haikosekani, na ikipungua, wilaya ya Butambala iko safari fupi tu magharibi ya jiji. Nionavyo, ugumu wa kazi hii hauko pale wengi wanapoudhania. Kupata vijifuko ni rahisi kiasi cha kutia shaka. Kazi ni kuthibitisha kwamba ndivyo vilivyofanya kilichofanyika, na si kitu kingine kilichopanda nao gari moja.

Kila seli hai, ya mtu au ya mgomba, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Mara kwa mara kipande cha utando hujifunga kikawa kifuko, kikatoka nje ya seli kikiwa kimebeba protini, lipidi na vipande vifupi vya RNA. Vingi vina kipenyo cha nanomita 30 hadi mia kadhaa; milimita moja ina nanomita milioni moja. Katika mimea viliwahi kuonwa kwa hadubini ya elektroni tangu miaka ya 1960, Halperin na Jensen walipochunguza seli za karoti mwaka 1967, lakini havikupewa uzito. Hoja ilikuwa kwamba ukuta mgumu wa seli ya mmea usingeweza kupitisha kitu cha namna hiyo. Mwaka 2009 kundi la Mariana Regente na Laura de la Canal, huko Mar del Plata nchini Argentina, lilivitenga katika mbegu za alizeti. Mwaka 2017 maabara ya Roger Innes katika Chuo Kikuu cha Indiana ikaeleza namna ya kuvitoa katika majani ya arabidopsis, kimmea kidogo ambacho wanabiolojia wamekifanya kielelezo cha mimea yote. Mwaka uliofuata kundi la Hailing Jin, California, likaonyesha kwamba mmea huo huvitumia kama silaha: hupeleka RNA fupi ndani ya kuvu aina ya Botrytis ili kuzima jeni zinazomwezesha mvamizi huyo kushambulia.

Upande wa tiba ulienda kwa njia yake, na kwa haraka zaidi. Huang-Ge Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Louisville walichapisha mwaka 2013 kazi za vijifuko vya zabibu na za balungi. Mwaka 2016 kundi la Didier Merlin, Atlanta, likawapa panya wenye uvimbe wa utumbo mpana vijifuko vya tangawizi vyenye kipenyo cha kama nanomita 230, na uvimbe ukapungua. Mwaka 2018 Louisville ikarudi na matokeo ya ajabu zaidi: RNA iliyo ndani ya vijifuko vya tangawizi huingia katika bakteria wa utumbo na kubadili kazi yao. Mvuto wake unaeleweka. Kinywewacho kama chakula kinaweza kupita tumboni bila kuyeyuka chote, na kifuko kinachojitengeneza chenyewe ni nafuu kuliko kile kinachoundwa kiwandani kwa lipidi za kununua.

Sasa tuingie maabara, maana hapo ndipo mambo yanapobadilika. Tangawizi mbichi huoshwa, ikamenywa, ikasagwa kwa blenda katika bafa baridi, kisha ikakamuliwa. Kinachopatikana ni maji mazito ya rangi ya udongo yenye karibu kila kilichokuwa katika tunguu: wanga, nyuzi, vipande vya kuta za seli, protini, mafuta ya harufu, pamoja na bakteria waliokuja na shamba. Mzunguko wa kwanza wa sentrifuji ni wa taratibu, kwa nguvu inayozidi mvuto wa ardhi mara mia chache hadi 2,000, na huangusha wanga na nyuzi. Wa pili, wa mara 10,000, huangusha plastidi, mitokondria na mabonge makubwa. Kilichobaki juu huhamishiwa katika mashine ya kasi kubwa na kuzungushwa kwa mara 100,000 au zaidi, saa moja hadi mbili. Chini ya mrija hubaki mashapo ya kahawia. Mtafiti huyayeyusha upya, na akiwa na subira huyapitisha katika tabaka za maji ya sukari zenye uzito unaozidi kwenda chini, mara nyingi asilimia 8, 30, 45 na 60. Kila kitu husimama pale uzito wake unapolingana na wa sukari, na ule mkanda mweupe unaoonekana kati ya tabaka hunyonywa kwa sindano.

Maabara nyingi huishia kwenye mashapo, zikaviita vijifuko. Hapo pana tatizo la kwanza, nalo si dogo. Blenda haichagui. Inapopasua seli, tando zote za ndani, yaani za vakuoli, za plastidi, za mitambo ya kutengenezea protini, hukatika vipande, na utando wa mafuta ukikatika ndani ya maji hujifunga wenyewe ukawa duara. Ndani ya mashapo hayo, basi, mna vijifuko vilivyotolewa na seli kwa makusudi, na pembeni yake mna vingine vilivyozaliwa ndani ya blenda dakika ile ile. Ukubwa wao unalingana, umbo linalingana, na kwenye picha ya hadubini ya elektroni hakuna awezaye kuvitofautisha.

Watu wa mimea wana njia safi zaidi. Majani mazima huzamishwa katika bafa ndani ya chombo kinachonyonywa hewa, hadi bafa ipenye katika nafasi zilizo kati ya seli. Kisha majani hupangwa ndani ya sirinji na kuzungushwa polepole, ule ute wa katikati ya seli ukatoka bila seli kupasuka. Ndivyo Innes alivyofanya. Lakini kinachopatikana ni kidogo mno, na tunguu la tangawizi si jani: halinyweshwi bafa kwa namna hiyo. Tena, kwa arabidopsis kuna protini zinazojulikana kuwa alama ya kijifuko halisi, kama TET8 na PEN1, zenye kingamwili za kuzitambulia. Kwa tangawizi ya Butambala hakuna alama ya namna hiyo iliyokwisha kukubalika. Ndiyo maana mwaka 2021 de la Canal na wenzake walichapisha wito wa kuomba ukali na viwango katika taaluma hii, na ndiyo maana miongozo ya chama cha kimataifa cha watafiti wa vijifuko, iliyotolewa mwaka 2014, ikapanuliwa 2018 na tena 2023, inamtaka mtu asiseme kimetoka wapi kabla hajakionyesha.

Je, ina maana gani kwa mgonjwa? Kwa mgonjwa wa utumbo, pengine haina. Duara la mafuta lililozaliwa ndani ya blenda likipunguza uvimbe, limepunguza. Kwa kweli kazi ya balungi ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi: watafiti walitoa lipidi za vijifuko, wakazijenga upya kuwa vibebeo vya dawa, na hawakudai kwamba vile ni vijifuko vya asili. Huo ni uungwana wa kisayansi. Asili inakuwa na uzito pale mtu anapodai kwamba RNA ya mmea, iliyofungwa na mmea wenyewe, inaongoza jeni za mtu. Dai hilo lina historia ya kuumiza. Mwaka 2012 kundi la Nanjing nchini China lilichapisha kwamba RNA fupi ya mchele inaonekana katika damu ya walaji na kubadili kazi ya ini. Mwaka uliofuata wengine wakarudia jaribio kwa panya na hawakuipata kwa kiasi chenye maana. Mmoja kati ya waliorudia alikuwa kampuni ya mbegu ya Monsanto, jambo lililowapa watetezi wa dai la kwanza sababu ya kununa. Lakini kununa si jibu, na maabara zisizo na uhusiano na kampuni hiyo nazo ziliona shida ile ile.

Tatizo la pili ni chafu zaidi, na kwa Kampala ndilo ningelipa kipaumbele. Tunguu hukua ndani ya udongo. Hata likimenywa, bakteria hubaki katika mikunjo na ndani ya nyama yake. Bakteria wengi wa udongo nao hutoa vijifuko vyao kutoka utando wa nje, vyenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 250 hivi. Chujio la mikromita 0.22 linalotumika kuondoa bakteria huvipitisha karibu vyote. Sentrifuji huviangusha pamoja na vya tangawizi. Navyo vimejaa endotoksini, ile sumu ya ukuta wa bakteria inayoamsha kinga ya mwili kwa kiasi kidogo kabisa. Mtafiti anayeandika kwamba vijifuko vyake vya mizizi vinachangamsha seli za kinga anaweza kuwa amepima bakteria wa shambani na kuwapa jina la mmea.

Kipimo cha endotoksini kipo, kile kinachotumia damu ya kaa wa kwato, na kiwanda chochote cha dawa za sindano hukijua. Lakini hata hicho kina mtego wake: sukari za ukuta wa mimea na kuvu, jamii ya beta-glukani, huweza kukifanya kitoe jibu la uongo. Inabidi kitumike kile kilichozuiwa kudanganywa na sukari hizo, pamoja na jaribio la kusafisha endotoksini na kuona kama nguvu ya dawa inabaki. Hayo ni mambo ya wiki chache na bajeti ya wastani. Yanaachwa kwa sababu matokeo yake yanaweza kuharibu habari nzuri.

Kuna na pektini. Aliyewahi kupika jamu anaijua: ndiyo inayoshikamanisha matunda. Katika juisi ya limau au balungi pektini hushikamana na vijifuko, huziba machujio, na kwenye mashine inayohesabu chembe kwa mwanga wa leza huhesabiwa kama vijifuko. Mashine ile haijui kijifuko. Inajua kitu kinachotawanya mwanga na kutikisika ndani ya maji. Bonge la protini litahesabiwa. Chumvi ya kalsiamu na fosfeti iliyoganda ndani ya bafa isiyochujwa vizuri itahesabiwa pia. Hivyo makala inayojivunia chembe trilioni kwa mililita bado haijasema lolote kuhusu usafi.

Kinachosema ni majaribio ya kukanusha. Ongeza sabuni kali ya maabara kama Triton: chembe za mafuta zitayeyuka na kutoweka kwenye hesabu, mabonge ya protini yatabaki. Ongeza kimeng'enya cha kula protini, kisha cha kula RNA: kilicho ndani ya utando kitasalimika, kilicho nje kitaliwa; na ukivunja utando kwa sabuni kwanza, vyote vitaliwa. Pima uwiano wa chembe kwa kila mikrogramu ya protini, maana ukishuka sana ni dalili kwamba protini huru ni nyingi kuliko vijifuko. Halafu lile jaribio muhimu kuliko yote, ambalo ni nadra kulikuta likiwa limefanywa kikamilifu: mpe panya mashapo, mpe mwingine maji ya juu yaliyobaki baada ya kuangusha mashapo, mpe wa tatu jinjeroli safi, kile kiungo kikali cha tangawizi, kwa kiasi kile kile kilichopimwa ndani ya vijifuko. Wote watatu wakipona sawa, kijifuko hakikuwa dawa. Kilikuwa chombo, au hakikuwa kitu.

Hapa Uganda ina uzoefu wake wa kuazima. Hospitali ya Mulago inakumbukwa duniani kwa uvimbe wa taya za watoto alioueleza Denis Burkitt mwaka 1958. Kituo cha kutibu uvimbe huo kilifunguliwa mwaka 1967 na kukua hadi kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na miongoni mwa dawa zilizotumika humo ni vinkristini, inayotokana na ua la Madagaska linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Ndani ya ua hilo vinkristini ni kidogo ajabu: gramu moja hudai mamia ya kilo za majani makavu. Mgonjwa akinywa chai ya majani hayo hapati tiba ya saratani, anajiweka kwenye hatari ya sumu nyingine zilizomo. Usafishaji ndio uliozaa dawa. Huo ni mfano wa kitabu, na wafamasia huupenda.

Lakini kuna mfano unaokwenda kinyume, nao ulitokea kando ya Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria. Ogwang yule yule, miaka kabla ya Covidex, aliongoza jaribio katika shamba la maua la Wagagai karibu na Entebbe, ambako wafanyakazi walikunywa chai ya pakanga, Artemisia annua, mara moja kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba hatari ya kuugua malaria zaidi ya mara moja ilishuka kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na ya waliokunywa chai isiyo na dawa. Artemisinini katika kikombe kimoja kwa wiki ni kidogo, na hutoka mwilini upesi, hivyo watafiti wakapendekeza kwamba vitu vingine vya mmea vilishiriki. Shirika la Afya Duniani halikukubali chai hiyo kama kinga wala tiba. Hofu yake, ambayo ni ya haki, ni dozi isiyolingana na vimelea kujifunza kuvumilia dawa. Pande zote mbili zina hoja, na mimi sioni kwamba ugomvi huo umekwisha.

Vijifuko vinasimama katikati ya mifano hii miwili, na ndiyo sababu vinanivutia kuliko wapambe wake wanavyonichosha. Kijifuko si molekuli moja kama vinkristini. Si chungu kizima cha mitishamba kama mumbwa, ule udongo uliochanganywa na majani ambao wajawazito wa Buganda wamekuwa wakilainisha kwenye maji na kunywa. Ni mchanganyiko wenye mpaka: una utando, una ukubwa, unaweza kuhesabiwa, na bado ndani yake mna mamia ya vitu. Ukikisafisha mno, kinapoteza tabaka la protini zilizoshikamana nacho kwa nje, ambazo huenda ndizo zinazokipeleka kinakokwenda. Ukikisafisha kidogo, unauza juisi kwa jina la kigeni. Usafi wa namna hii haupimwi kwa asilimia ya kitu kimoja. Unapimwa kwa kusema waziwazi ni nini kimebaki, na kuonyesha kwamba kinabaki vile vile kundi baada ya kundi.

Na kundi baada ya kundi ndiko mimea inakotusaliti. Tangawizi ya miezi sita na ya miezi tisa hazifanani. Ya masika na ya kiangazi hazifanani. Iliyokaa wiki mbili sokoni si iliyong'olewa jana. Vijifuko huvunjika vikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Njia ya kawaida ya kuvihifadhi ni friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, au kuvikausha kwa baridi pamoja na sukari ya trehalosi. Jambo hili, linaloonekana kuwa mzigo, ndilo faida pekee ya kweli ambayo Kampala inayo. Tangawizi kavu inayosafirishwa ng'ambo haifai vizuri kwa kazi hii. Maabara iliyo karibu na shamba inafaa. Chombo cha barafu kikitoka Butambala asubuhi, kinaweza kuwa Wandegeya kabla ya saa sita mchana, foleni ya Busega ikiruhusu.

Wandegeya naitaja kwa makusudi. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Utafiti wa Tibakemia Asilia, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo tangu enzi hizo imekuwa ikichunguza mitishamba inayoletwa na waganga na kuangalia sumu yake. Karibu na hapo kipo Chuo Kikuu cha Makerere. Mbarara kuna PHARMBIOTRAC, kituo cha bioteknolojia ya dawa na tiba asilia kilichojengwa kwa mradi wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri. Mikono yenye uwezo ipo. Kishawishi kikubwa kwa taasisi za namna hii ni kuandika ombi la fedha ambalo mstari wake wa kwanza ni sentrifuji ya kasi kubwa.

Ningeufuta mstari huo, au ningeushusha chini. Mashine hiyo ni makumi ya maelfu ya dola kabla ya rota zake, na rota zina umri wa kuhesabiwa: zikitumika mizunguko iliyowekwa, hutupwa, kwa sababu rota ikipasuka ikiwa katika kasi ile hakuna kifuniko cha kuaminika. Inataka fundi wa kampuni, vipuri vya kuagiza, na umeme usiokatika kwa saa mbili mfululizo. Tangu Aprili 2025 umeme wa Uganda unasambazwa na UEDCL ya serikali baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kumalizika, na aliyewahi kufanya kazi ya maabara Kampala anajua kwamba jina kwenye ankara halizuii transfoma kulipuka. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko wa tabaka za sukari, tabaka huvurugika na siku imekwenda.

Zipo njia nyingine, na baadhi zina matokeo safi zaidi. Ile ya kuangusha vijifuko kwa polietilini glikoli, PEG, imeonyeshwa kwa tangawizi na watafiti wa India mwaka 2020: huchanganywa na juisi iliyochujwa, huachwa usiku kucha katika baridi, kisha sentrifuji ya kawaida inatosha. Ni nafuu sana. Kasoro yake ni kwamba PEG hukokota na protini huru, na yenyewe hubaki ndani ya mashapo. Ukiifuatisha na bomba lililojazwa chembe za jeli ya agarosi, ambamo vikubwa hutangulia kutoka na vidogo huchelewa kwa kuingia katika vitundu vya jeli, sehemu kubwa ya protini hizo huachwa nyuma. Bomba kama hilo laweza kujazwa kwa mkono na mwanafunzi wa shahada ya pili. Kwa kiasi kikubwa cha kiwandani, njia inayoongoza ni kuchuja kwa mkondo wa pembeni: juisi inapita sambamba na uso wa chujio badala ya kuusukuma moja kwa moja, hivyo haizibi upesi, na lita nyingi hupunguzwa bila kuzungusha chochote. Pektini ikisumbua, humeng'enywa kwanza kwa pektinasi, kimeng'enya kile kile cha viwanda vya juisi.

Fedha iliyookolewa hapo ingeingia katika kupima: kipimo cha endotoksini kinachofaa mimea, mashine ya kuhesabu chembe, saa za kukodi hadubini ya elektroni, kipimo cha dawa za wadudu. Hili la mwisho halisemwi sana. Dawa nyingi za kunyunyizia shamba hupenda mafuta kuliko maji, na kijifuko ni mafuta. Mchakato ule ule unaokusanya vijifuko unaweza kukusanya na mabaki ya sumu.

Sheria nayo itabidi iamue kitu hiki ni nini. NDA ina mlango wa dawa za mitishamba, ambao Covidex ilipitia, na ina mlango mwingine wenye masharti mazito zaidi wa dawa za kibayolojia. Sheria ya Tiba Asilia na Tiba Mbadala ya mwaka 2019 inawahusu watoa huduma na ilikuja na baraza lao. Vijifuko vya tangawizi vikiwa kwenye kidonge cha kumeza vinaweza kujipenyeza kama mitishamba. Vikiwa vimepakiwa dawa ya saratani na kuchomwa mshipani, haviwezi. Ninahofia zaidi kundi la tatu, la vipodozi. Korea Kusini imekwishajaza soko la urembo kwa bidhaa za uso zinazodai vijifuko vya waridi na mimea mingine, na kipodozi huulizwa maswali machache. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari mwezi Desemba 2019 baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika kwa bidhaa zilizouzwa kuwa eksosomu, jina jingine la vijifuko vidogo, zile za asili ya binadamu, na hadi sasa haijaidhinisha dawa yoyote ya vijifuko, ya mtu wala ya mmea. Majaribio ya Louisville kwa watu, ya zabibu kwa vidonda vya kinywa vya wagonjwa wa mionzi na ya kurkumini ya bizari iliyobebwa na vijifuko vya mmea kwa saratani ya utumbo, yaliandikishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Zaidi ya mwongo mmoja umepita bila kidonge kwenye rafu.

Kuhusu nani atafaidi, Uganda ina kanuni za mwaka 2005 za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa, na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia ndilo hutoa vibali. Kwa tangawizi, ambayo asili yake ni Asia na inalimwa kila mahali, kanuni hizo hazitabana mtu. Kwa mmea wa kwetu kama mukuzanume, Warburgia ugandensis, ambao waganga wa Buganda wanaujua gome kwa jani, zitabana, na zinapaswa. Mtu akitaka kusafirisha friza ya vijifuko vya mti huo kwenda kupimwa nje, makubaliano yasainiwe kabla friza haijafungwa.

Ningekuwa mjumbe wa jopo linalogawa fedha za utafiti Kampala, ningeanza na tangawizi ya shamba moja, aina moja ya mbegu, misimu miwili. Ningetaka makundi kumi yaliyotengenezwa kwa PEG na jeli, kila moja na karatasi yake: idadi ya chembe kabla na baada ya sabuni, protini, jinjeroli, endotoksini, mabaki ya dawa za shamba. Panya wangekuja baadaye, na pamoja nao yale makundi matatu ya kulinganisha. Makundi kumi yakitofautiana kupita kiasi, tungejua mapema, kwa gharama ya pikipiki na barafu. Yakifanana, kungekuwa na kitu ambacho maabara nyingi zenye sentrifuji bora hazina, na NDA ingekuwa na karatasi ya kusoma badala ya foleni ya kutuliza.